Sura ya 7: Injinia, na Ng'ombe Je?

Kila mradi unapokwama, swali moja hurudi: hivi hawa mainjinia huko chuoni wanafundishwa kuongea na watu, au ni hesabu tupu? Linaulizwa na mama ambaye bomba limepita mbele ya mlango wake huku kituo cha kuchotea maji kikiwekwa upande wa pili wa korongo. Linaulizwa na mwenyekiti wa kijiji aliyekabidhiwa pampu pamoja na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza. Wanaliuliza hata wazazi waliouza ng'ombe wakamsomesha kijana, naye karudi na shahada yake, lakini wakimuuliza kazi yake hasa ni ipi anawajibu kwamba ni mambo ya kitaalamu, hawataelewa.

Jibu fupi: wanafundishwa. Vyuo vyetu vina somo liitwalo stadi za mawasiliano, yaani mbinu za kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kwa kawaida mwanafunzi wa uhandisi hulipata mapema, akiwa bado anatafuta njia ya kwenda bwenini. Jibu refu ndilo lililozaa sura hii. Somo hilo linamfundisha kijana kuwasilisha. Kuulizwa, hakuna anayemfundisha, na kazi yake nzima huko mbele ni kuulizwa.

Darasani mambo huwa hivi

Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mtanzania aliyetaka kusomea uhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na tangu hapo vyuo vimeongezeka: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Dodoma na vingine. Kote huko masomo hutolewa kwa Kiingereza. Kijana amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, chuo kwa Kiingereza, kisha anaajiriwa kwenye wilaya ambako siku nzima inaendeshwa kwa Kiswahili, na jioni watu wakirudi nyumbani wanaongea Kiiraqw au Kidatoga.

Somo la mawasiliano lenyewe linafundisha mambo ya maana: kuandika ripoti, kutaja vyanzo, kuandaa maelezo binafsi ya kuombea kazi, kusimama mbele ya watu. Kilele chake ni presentesheni ya kikundi. Vijana watano wanavaa mashati yaliyopigwa pasi, wanawasha projekta, kila mmoja anasoma slaidi zake mbili, wa mwisho anashukuru na kuuliza kama kuna mwenye swali. Ukumbi kimya. Hakuna anayeuliza, kwa sababu kesho zamu ni yake, na undugu wa darasani una sheria zake. Makofi yanapigwa. Mwalimu anatoa alama kwa lugha, kwa mpangilio wa slaidi, kwa kutunza muda.

Simlaumu mwalimu huyo. Akiwa na wanafunzi mia tatu na muhula mmoja, hata mimi ningehesabu slaidi.

Mkutano wa kijiji hauna projekta

Sasa tumpeleke kijana huyo Dirma. Dirma ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, katika ukanda ambao Hanang na Mbulu ni majirani wa damu. Ukitaka kujua ugumu wa mawasiliano, hapa ndipo pa kujifunzia. Wapo Wairaqw, ambao wengi wanalima na kufuga. Wapo Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga. Upande wa Singida wapo Wanyaturu na Wanyiramba. Na ukishuka bonde la Yaeda, huko Mbulu, unakutana na Wahadzabe. Ukiacha Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni ndugu, lugha hizi hazina undugu wa karibu. Kiswahili ndicho kinachowaweka kwenye mkutano mmoja, lakini si kila mzee na si kila mama anakimudu kiasi cha kubishana nacho.

Mradi wa maji vijijini husimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali ulioanza kazi mwaka 2019. Maji yakishatoka, uendeshaji hukabidhiwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, yaani kamati ya wanakijiji wenyewe inayokusanya fedha, kulipa fundi na kutengeneza kilichoharibika. Kabla ya hapo injinia husimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo mbele yake hawapo wanafunzi wenzake. Yupo mama aliyeamka usiku kuwahi foleni ya maji, yupo kijana wa bodaboda, yupo mzee aliyeshika fimbo ambaye hajasema neno tangu mkutano ufunguliwe.

Tuseme injinia wetu anaanza vizuri. Anaeleza kwamba Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate lita 25 za maji kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400 kwenda kituo, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Anaeleza tanki litakaa wapi na bomba litapita wapi. Watu wanaitikia kwa vichwa. Kisha yule mzee anaomba nafasi.

"Mwenyekiti, nashukuru. Kijana wangu, karibu kwetu. Umetuhesabu watu vizuri. Na ng'ombe je?"

Tufanye hesabu, kwa sababu swali hili si la utani. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku. Hiyo ndiyo kazi ya kituo kimoja. Ng'ombe wa kienyeji hunywa takribani lita 25 kwa siku, na jua la kiangazi likikolea anaweza kuzidisha. Maana yake ng'ombe 250 wanakunywa kituo kizima, na binadamu hajachota ndoo. Katika kijiji cha wafugaji ng'ombe 250 wanaweza kuwa mali ya maboma machache tu.

Injinia akijibu kwamba mradi ni wa binadamu, mifugo ina idara yake, atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa makaratasi yake. Lakini ng'ombe hawasomi makaratasi. Kiangazi kikifika watapelekwa kwenye maji yaliyo karibu, na maji yaliyo karibu ni yale ya bomba. Koki zitavunjika, sakafu itapasuka, tope litajaa, akina mama watasubiri mifugo inywe kwanza, na baada ya miezi kadhaa taarifa ya wilaya itaandika kwamba wananchi hawautunzi mradi. Akiwa tayari kuulizwa, atarudi ofisini na kufungua upya michoro: birika la kunyweshea mifugo, ambalo mafundi huliita mbauti, lijengwe mbali na kituo cha watu, bomba lake liwe na koki yake, ukubwa wa tanki utazamwe upya, na kama chanzo hakitoshi, lijadiliwe lambo la mifugo.

Swali la maneno matatu limebadilisha kipenyo cha bomba. Ndiyo maana siafiki tabia ya kuliita somo hili "stadi laini", kana kwamba hesabu ni chakula na maneno ni kachumbari. Maneno ya yule mzee yalikuwa tarakimu iliyokosekana kwenye hesabu.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mwanafunzi anapewa mtihani wa kusema mbele ya watu wasiouliza. Kazini anakutana na watu wanaouliza, na baadhi ya maswali yao ni vipimo ambavyo hakuvichukua.

Ngano ya Hanang

Msomaji wa Hanang hahitaji mifano ya kutunga. Anakumbuka mashamba ya ngano.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, serikali kupitia shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Hanang. Yalifikia mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret, jumla yake takribani ekari 100,000. Nchi ilitaka mkate wake yenyewe, na hilo halikuwa wazo baya. Wataalamu walikuwa hodari. Matrekta yalilima, mbegu zilizofanyiwa utafiti ziliota, ngano ikavunwa kwa mashine mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na nyasi.

Nyasi zile zilikuwa na wenyewe. Mfugaji wa Kibarabaig hakai na ng'ombe wake mahali pamoja mwaka mzima. Anawazungusha kati ya aina mbalimbali za malisho kufuata mvua, maji na mbung'o. Mgeni akifika msimu ambao malisho fulani yanapumzishwa, anaona nyika tupu. Ramani yake itaandika "ardhi isiyotumika", na kila kipimo kilicho juu ya ramani hiyo kitakuwa sahihi isipokuwa hicho kimoja. Malisho bora ya mabondeni, yale ambayo mzunguko mzima uliyategemea, ndiyo yaliyolimwa. Njia za mifugo kwenda kwenye maji na chumvi zilifungwa. Makaburi ya wazee wa Kibarabaig, yanayojengwa kwa heshima kubwa na kutembelewa na uzao wao miaka na miaka, baadhi yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Maswali ambayo yangeweza kuulizwa chini ya mti yakaja kuulizwa mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa waliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kuipa ushindi NAFCO. Hukumu ile bado inasomwa na wanafunzi wa sheria kama kesi ya ardhi. Nijuavyo mimi, haifundishwi kwenye uhandisi, nami naona hapo ndipo ilipostahili kufundishwa zaidi. Mpe mwanafunzi ramani ya nyanda za Hanang na umuulize: kabla hujaweka kigingi cha kwanza, utamuuliza nani, msimu gani, na kwa lugha ipi?

Atakayejibu "nitaitisha mkutano" apewe nusu ya alama. Mkutano ulioitishwa wakati wafugaji wamehama na mifugo yao ni mkutano wa waliobaki.

Kueleza kisichoonekana

Upande wa pili wa somo hili ni kueleza, na hapa pia Hanang ina mitihani yake.

Maji ya sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania, kwenye miamba iliyotokana na volkano, yana floraidi nyingi. Floraidi ni madini yanayoyeyuka ndani ya maji: hayaonekani, hayanuki. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, meno ya mtoto yanaota na madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa inaweza kupinda. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mpe mwanafunzi kazi ya kumweleza hayo mama ambaye maji ya kisima chake yamepimwa yakakutwa na miligramu 4. Akianza na "miligramu kwa lita" amempoteza. Akisema "maji haya ni mabaya" amemtisha bila kumsaidia, maana kesho atachota hapohapo, hana pengine. Na kama hakumsikiliza kwanza, hatajua kwamba mama huyo tayari ana dawa yake anayoiamini: anachemsha. Ameambiwa na kila bwana afya tangu utoto wake kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kwa vijidudu, ni kweli. Kwa floraidi, kuchemsha kunazidisha tatizo. Ukiiacha supu jikoni mpaka ipungue, chumvi yake haipungui nayo, inazidi kukolea. Floraidi ni hivyohivyo. Mtu akishaelewa hilo, ataelewa pia kwa nini unamshauri maji ya mvua yatunzwe kwanza kwa ajili ya watoto ambao meno yao bado yanajengeka, na kwa nini unamuuliza kiasi cha magadi anachotia kwenye maharage, maana baadhi ya magadi nayo yana floraidi.

Tazama mpangilio wa maelezo hayo: yameanzia kwenye anachokiamini msikilizaji, yakapita jikoni kwake, na tarakimu imekuja mwisho, kama imekuja. Ripoti ya maabara huenda kinyume chake kabisa. Zote mbili zinahitajika, ila mwanafunzi anafundishwa moja.

Kisha kuna swali gumu kuliko yote. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hanang ni mlima wa volkano iliyolala, kwa hiyo wengi waliogopa kwamba umelipuka. Serikali ilitoa maelezo ya wataalamu wake: hakukuwa na mlipuko, sehemu ya mlima iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka na kutengeneza tope lililofuata mkondo wa mto.

Hayo yanaelezeka. Lakini fikiria mtaalamu kijana aliyetumwa kuongea na familia zilizohamishiwa shuleni, na mtu mmoja anamuuliza: "Mwanangu, litatokea tena?"

Hapo kuna majibu mawili rahisi na yote ni mabaya. La kwanza ni kumtuliza: halitatokea. La pili ni kujificha nyuma ya maneno makubwa mpaka muulizaji achoke. Jibu la tatu linafundishika, ingawa halifundishwi: kusema unachokijua, kusema usichokijua, kusema kinachopimwa sasa hivi na nani anapima, na kutaja siku utakayorudi na majibu. "Sijui" yenye tarehe ni jibu la kitaalamu. "Sijui" isiyo na tarehe ni kuondoka.

Kama ningepewa muhula mmoja

Wenzetu wameliona hili kwa namna zao. Marekani, ABET, chombo kinachoidhinisha programu za uhandisi, kiliweka uwezo wa kuwasiliana miongoni mwa sifa ambazo kila mhitimu lazima awe nazo, na mahali pake ni sawa na hesabu. Nasi tuna historia yetu: reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na Wachina, Watanzania na Wazambia ambao wengi wao hawakuwa na lugha moja. Fundi alionyesha, kijana akarudia, akakosea, akaonyeshwa tena. Hotuba zilikuwa chache na treni ikapita.

Muhula wangu ungekuwa na kazi hizi:

- Dakika tano kwa ishirini. Mwanafunzi anaeleza mradi kwa dakika tano, bila slaidi, kwa Kiswahili. Dakika ishirini zinazofuata anaulizwa. Wenzake wamepewa nafsi: mfugaji, mama lishe, mwenyekiti wa kijiji, mweka hazina wa halmashauri, mkandarasi. Alama za siku hiyo wanapata wanaouliza pia, ili undugu wa darasani uvunjike kidogo.
- Jambo moja, wasomaji watatu. Pampu ya kijiji imeungua. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri ukurasa mmoja unaoanza na fedha inayotakiwa. Mwandikie fundi hatua za kufuata, moja baada ya nyingine. Waandikie wananchi tangazo la ubao wa ofisi ya kijiji, lisomeke na mtu aliyesimama na ndoo kichwani.
- Mchoro wa ardhini. Mchoro wa kompyuta uchorwe upya mavumbini kwa fimbo, mawe na majivu, na anayetazama apewe fimbo arekebishe. Atakaposogeza jiwe la tanki, usimkatize.
- Kuongea kupitia mkalimani. Sentensi moja, nyamaza, subiri. Mtazame uliyemlenga, mkalimani umsikie kwa sikio tu. Mkalimani akitafsiri maneno yako ya dakika moja kwa pumzi moja, muulize amesema nini.

Kazi ya mwisho ndiyo ambayo wanafunzi wangeibeza kuliko zote darasani, na ndiyo ambayo Mbulu na Hanang zingewafunza unyenyekevu ndani ya asubuhi moja.

Nani atasahihisha?

Walimu wakisikia orodha hii husema, na wana haki, kwamba muda hautoshi na madarasa yamefurika. Dakika ishirini na tano kwa kila mwanafunzi, mara mia tatu, ni zaidi ya saa mia moja na ishirini. Haiwezekani kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo asifanye peke yake. Walimu wa hesabu za maji na wa barabara wamiliki sehemu ya alama hizo kwenye masomo yao wenyewe; swali la ng'ombe ni lao kabla halijawa la mwalimu wa lugha.

Tena ipo nafasi ambayo tayari imelipiwa. Wanafunzi wa uhandisi huenda mafunzo kwa vitendo, ile PT, wiki kadhaa viwandani, kwenye miradi na kwenye halmashauri, na chuo humtuma supavaiza kuwatembelea. Kwa kawaida supavaiza hukagua logibuku, yaani daftari la kazi za mwanafunzi, husalimiana na mwajiri, kisha huondoka. Aongeze nusu saa. Atembee mpaka kwenye mradi na awaulize watu watatu atakaowakuta pale, kila mmoja peke yake: hiki kinachojengwa ni cha nini, kikiharibika mtamwita nani, na kuna jambo gani mlimwambia yule kijana ambalo ameliandika? Majibu yalinganishwe na logibuku. Yakipishana, mwanafunzi aandike upya ukurasa ule kabla supavaiza hajapanda gari.